Ufunguo hautolewi wote siku moja: mwongozo wa kumlea dereva kijana Mbeya

Mpwa wangu alipopata leseni yake ya daraja D alikuja nayo nyumbani Uyole ameishika kwa vidole viwili, kama picha ambayo haijakauka. Akaiweka mezani. Hakuuliza kama nimeipenda. Aliuliza, "Mjomba, Jumamosi naweza kuchukua gari kwenda Kyela na wenzangu?"

Nilimwambia hapana, akaninunia siku mbili.

Mimi mwenyewe nilipata leseni nikiwa na miaka 19. Wiki ya tatu nikapakia rafiki zangu wanne, tukaenda Kyela, tukaanza kurudi giza limeshaingia. Tulipofika Isongole ukungu ulikuwa umeshuka mpaka juu ya lami. Nikawasha taa fulu nikidhani nitaona mbali zaidi, kumbe nimejijengea ukuta mweupe mbele ya kioo. Nyuma wanaimba, mmoja ananipa simu nisome meseji. Kona ya kushoto sikuiona kabisa. Niligundua ipo pale gari lilipokwisha ingia mtaroni. Hakufa mtu. Mmoja wetu alivunjika mkono, na mpaka leo ule mkono haukunjuki sawasawa. Na leseni yangu mfukoni ilikuwa halali, haina doa.

Hesabu nilivyokusanya siku ile: ugeni wa usukani, usiku, ukungu, milima, abiria vijana wanne, simu. Kila kimoja peke yake ningeweza kukimudu. Nilivibeba vyote kwa pamoja kwa sababu hakuna aliyekuwa amenikataza hata kimoja.

Sheria yetu ina ngazi mbili. Unachukua lena (leseni ya kujifunzia), unajifunza ukiwa na mwenye leseni pembeni, unafanya mtihani wa polisi, unalipia TRA (mamlaka ya mapato), unatoka na leseni kamili. Jana ulikuwa huruhusiwi kuendesha peke yako hata kwenda dukani, leo unaruhusiwa kwenda Tunduma saa nane usiku gari likiwa limejaa. Kuna nchi zilizoamua kuweka ngazi ya tatu katikati. New Zealand walianza mwaka 1987: baada ya lena unapata leseni yenye mipaka, huruhusiwi kuendesha peke yako kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, wala kubeba marafiki kama hayupo pembeni mtu mwenye leseni kamili ya muda mrefu. Ontario kule Kanada walifuata mwaka 1994, na Florida ikawa ya kwanza Marekani mwaka 1996. Jimbo la New South Wales, Australia, linamtaka kijana aandike kwenye daftari saa 120 za kuendesha akiwa na msimamizi kabla ya mtihani wa kuendesha, kisha atembee na herufi P nyekundu kwenye gari, baadaye P ya kijani. Wameona kitu kilekile nilichokiona mimi mtaroni: hatari kubwa kuliko zote iko kwenye miezi ya kwanza ya kuendesha peke yako, na inaongezeka kila anapoingia kijana mwingine garini.

Sisi hatuna haja ya kusubiri Bunge. Ngazi ya tatu anaweza kuiweka yeyote mwenye ufunguo: baba, mama, shangazi, kaka mkubwa. Hivi ndivyo nilivyoiweka kwangu.

Kwanza, makaratasi

Hapa sitakawia. Kuendesha gari ni kuanzia miaka 18, usidanganywe na kijana wa miaka 16 anayejua kulirudisha nyuma getini. Lena iwepo kabla hajashika usukani barabarani, na herufi L nyekundu ibandikwe mbele na nyuma, si kwa ajili ya trafiki tu. Dereva wa daladala akiiona anajua gari hili linaweza kuzima katikati ya makutano, na wengi (si wote, Mbeya ni Mbeya) watakuvumilia. Piga simu kwa wakala wa bima uulize kama gari lenu linalindwa akiendesha mwenye lena. Bima ndogo inamlipa yule mliyemgonga, gari lako utalitengeneza mwenyewe.

Shule ya udereva ni lazima, lakini chagua. Nenda kaulize swali moja: mwanafunzi atapelekwa kwenye mteremko, au atazunguka mitaa ileile mpaka siku ya mtihani? Nilijibiwa na mwalimu mmoja kwamba "milima atajifunza mbele ya safari." Nikamshukuru, nikaondoka.

Macho yapimwe kweli, sio kugongewa muhuri tu. Mpwa wangu aligundulika haoni vizuri mbali, na alikuwa ameficha tangu kidato cha pili.

Pili, kaunta buku

Nunua kaunta buku moja, ipigwe mistari: tarehe, muda, wapi, hali ya hewa, nini kilikwenda vibaya. Kila mkirudi mnaandika, yeye kwanza halafu wewe. Safu ya "nini kilikwenda vibaya" isiachwe wazi hata siku moja. Siku akikuambia hakuna kilichoharibika, ama hakuangalia ama anaficha.

Saa 120 za Australia kwa bei ya mafuta ya hapa ni ndoto. Mimi niliweka 40, na sikuzipata kwa kuzunguka bure. Alikuwa dereva wa kila safari ya nyumbani: kanisani, sokoni Mwanjelwa, kumpeleka bibi yake kliniki, kufuata mbolea. Nakaa kushoto, mdomo nimeufunga, mkono karibu na hendibreki. Hilo la mdomo lilinishinda kuliko yote. Mwalimu anayepiga kelele anazalisha dereva anayeangalia uso wa mwalimu badala ya kioo.

Tatu, uwanjani na mitaani

Saa tano za mwanzo ni kwenye eneo wazi. Omba uwanja wa shule siku ya Jumapili. Kama gari ni manyuali, kazi yote hapo ni kubalansi klachi; akiweza kuliondoa gari taratibu bila kugusa mafuta, kwa klachi tu, mara kumi mfululizo, mtoe. Kama ni oto, usifurahi mapema. Oto inamfundisha kijana upesi mno, ndani ya nusu saa anajiona dereva. Mfundishe hapohapo kusimama ghafla: nenda mwendo wa 30, ukisema "mtoto!" akanyage breki mpaka chini. Mara ya kwanza atakanyaga kwa woga, nusunusu. Rudieni mpaka mguu ujue wenyewe.

Halafu mitaa ya Forest asubuhi, ambako magari ni machache, ndipo Kabwe na Mwanjelwa. Mwanjelwa ni chuo kikuu. Bajaji zinaingia kutoka kila upande, mkokoteni wa viazi umekaa katikati, mama mwenye beseni la ndizi kichwani anavuka bila kugeuka. Pale nilimpa kazi moja: ataje kwa sauti kila anachokiona kinachoweza kuingia njia yake. "Bajaji kulia. Boda nyuma ya daladala. Mlango wa daladala unafunguka. Mtoto ameshika mpira." Mwanzo anataja vitu vitatu kwa dakika. Baada ya wiki mbili anataja kumi na tano, na utamwona mwendo umepungua wenyewe bila wewe kusema.

Kwenye zebra, asimame. Na kama gari la mbele limesimama kwenye zebra, asilipite kamwe, hata kama haoni mtu. Mtu yuko mbele ya lile gari.

Nne, mteremko

Hapa ndipo mwongozo ulioandikwa Dar unapoishia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita kama 1,700, na karibu kila njia ya kutoka ni kupanda au kushuka. Iwambi kwenda Mbalizi ni mteremko. Mlima Nyoka ni mteremko. Igawilo kuingia Uyole, Kawetere ukitoka Chunya, na ukienda Iringa mpaka upite ndipo unakutana na Kitonga. Barabara kuu ya Tanzania–Zambia inapita katikati ya jiji, na malori yenye tani za shaba, mafuta na saruji yanashuka milima hiyo pamoja na kijana wako.

Breki inafanya kazi kwa msuguano, na msuguano ni joto. Ukishuka Iwambi mguu uko juu ya breki muda wote, pedi na diski zinapata moto, mafuta ya breki yanaweza kuchemka, na mvuke ukiingia kwenye mipira pedali inakuwa laini, inakwenda chini bila kushika. Gari lililokuwa na breki nzima dakika tano zilizopita halina breki.

Siku ya kwanza nilimpeleka pale saa moja asubuhi, Jumapili. Tulisimama juu, kabla ya mteremko kuanza, nikamwambia achague gia ya kushukia akiwa bado tambarare. Kanuni ya madereva wa zamani inatosha: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuushukia. Hakunielewa vizuri, akaingia na gia ya nne. Katikati ya mteremko gari linakimbia, yeye anakanyaga breki, analiachia, anakanyaga tena, bila kupumzika. Nikanyamaza. Harufu ikaanza kuingia, ile ya kitu kama mpira na pasi ya nguo iliyosahaulika.

"Mjomba, kuna kitu kinaungua."

"Ni wewe unakiunguza."

Tukapaki mahali papana chini, nikamshusha, nikamwambia asogeze kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Akaurudisha mkono haraka. Tukakaa karibu nusu saa breki zipoe, tukala mahindi ya kuchoma. Tulivyopanda tena alijionea mwenyewe gia ipi gari linaitaka, ya pili, na kwa gia hiyohiyo tukashuka. Injini ikawa inalia lakini gari linajishika lenyewe. Breki aliigusa mara tano: anakanyaga kwa nguvu mpaka mwendo upungue, anaachia kabisa, breki zipumue. Chini kabisa nikamwambia asogeze tena kiganja. Hakuhitaji kuhubiriwa.

Kwa gari la oto, kama IST au Passo, usimwache ashuke na D. Kuna L, 2, S au B pale kwenye gia, wengi wanazaliwa na kuzeeka na gari bila kuzigusa. Ashuke nazo. Na kuweka nyutro ili kuokoa mafuta ni marufuku ya ukoo mzima. Wanaodai inaokoa wamesahau kwamba gari la kisasa likishuka ndani ya gia, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, linakata mafuta lenyewe. Nyutro inakuondolea breki ya injini, haikupi hata senti.

Kuna jambo la pili la mteremko ambalo halimhusu yeye anavyoendesha: lori lililo nyuma yake. Julai 2018 Igawilo, Juni 2024 Simike, hadithi ni moja, lori limeshindwa kushika breki likayakumba magari yaliyokuwa chini yake. Kijana afundishwe tabia hizi tatu. Asijichomeke mbele ya lori linaloshuka, hata kama kuna nafasi, kwa sababu ile nafasi ndiyo breki ya yule dereva. Akikuta foleni chini ya mteremko asijibane na gari la mbele. Aache nafasi ya kukata usukani na kutoka pembeni, na jicho liwe kwenye kioo mpaka gari la nyuma lisimame. Tena asipaki chini ya mteremko kununua ndizi. Ndizi zipo mahali pengine.

Tangu ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi uanze, michepuko nayo imekuwa somo. Kibao cha jana leo hakipo, usiku kuna kifusi kisicho na taa. Asikariri barabara, aisome upya kila siku.

Tano, barabara kuu

Igurusi hadi Chimala panafaa kuanzia, barabara imenyooka na unaona mbali. Hapo shida siyo gari, ni subira. Utakuta semi inakwenda 60, nyuma yake magari sita, na dereva wa IT (magari yanayopitishwa kwenda nchi jirani) anayekimbiza gari la watu kwenda Tunduma ameshaanza kukuwashia fulu.

Nilimfanyia mpwa wangu hesabu ya kuovateki kwenye kaunta buku. Semi iko 60, wewe uko 80. Unaizidi kwa kilomita 20 kwa saa, ambazo ni kama mita tano na nusu kwa sekunde. Unatakiwa kuipita yote na kuacha nafasi mbele na nyuma, weka mita 60. Ni sekunde kama 11. Ndani ya sekunde hizo wewe umekwenda mita 240. Anayekuja kwa 100 amekuja mita 300. Kwa hiyo unahitaji zaidi ya mita 500 za barabara tupu unazoziona kwa macho, viwanja vitano vya mpira vikipangwa mstari mmoja. "Sasa niambie," nilimuuliza, "kati ya Inyala na Uyole unaziona wapi?" Akafikiri, akasema hakuna. Basi kati ya Inyala na Uyole hatuovateki. Tunasikiliza redio.

Dereva wa lori akikuwashia indiketa ya kushoto anakuambia njia ni nyeupe, pita. Ya kulia, subiri. Ile ya kulia itii daima. Ya kushoto ichukue kama ushauri wa jirani, kisha angalia mwenyewe. Huenda anakata kushoto kweli, huenda hajaona pikipiki isiyo na taa. Ukiona matawi ya miti yamewekwa barabarani, kuna gari limeharibika mbele, punguza mwendo hapohapo. Umbali wa kumfuata mwenzako upime kwa nguzo: gari la mbele likiipita, hesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu." Ukiifika kabla hujamaliza, umembana. Mvua ikinyesha hesabu mpaka sita.

Kwenye makazi ni 50. Kijana atakuambia anapunguza kwa sababu ya tochi. Sawa, faini ya 30,000 inauma, lakini mwonyeshe na hili: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka mara nne. Igurusi, Chimala, Rujewa, shule ziko kandokando ya lami, na mtoto wa darasa la pili hana uwezo wa kukisia gari linakuja kwa kasi gani. Huyo anakuamini tu.

Sita, mvua, ukungu na giza

Kila kimoja siku yake, msivichanganye. Mvua za kwanza za Novemba ndizo mbaya, zinakoroga vumbi na mafuta ya miezi mitano kuwa sabuni. Mpeleke asubuhi ile ile, taratibu.

Ukungu muufuate Uyole–Tukuyu. Taa ziwe za chini, kamwe sio fulu, maana ukungu unarudisha mwanga machoni. Macho yafuate mstari wa kushoto, wala yasifuate taa za gari la mbele, kwani likiingia mtaroni na wewe utaingia. Hazadi siyo taa ya kutembelea: ukiiwasha mwenye kukufuata hajui kama umesimama au unakwenda, na indiketa yako haitaonekana. Ukishindwa kuona, tafuta mahali pa kutoka kabisa nje ya lami, kijijini au sheli, ukae. Kusimama pembeni ya lami ndani ya ukungu ni hatari kuliko kuendelea.

Usiku ni wa mwisho kwa makusudi. Kioo kisafishwe ndani na nje. Ukimwagiwa fulu, tazama ukingo wa kushoto, punguza, wala usimrudishie. Kwa usiku tulifanya safari nne tu za Uyole–Mbalizi, na ya nne aliomba mwenyewe turudi kwa sababu alikuwa amechoka. Siku hiyo kwenye kaunta buku nilimwandikia alama ya vema, ya pekee katika daftari zima.

Saba, leseni imetoka: sasa ndipo unapoanza

Hapa ndugu wengi wanaachia kamba. Mimi nilibandika karatasi kwenye mlango wa friji, tukaisaini wote wawili, mama yake akiwa shahidi.

Miezi mitatu ya kwanza anaendesha peke yake mchana tu, ndani ya jiji, na saa 12 jioni gari liko nyumbani. Hakuna abiria kijana hata mmoja. Dada yake wa miaka 15 naye ni kijana, hapo tulibishana sana. Mzee, mama mwenye mtoto mgongoni, jirani anayekwenda hospitali, ruksa. Mtu mzima garini humtuliza dereva, rafiki humpandisha mori.

Kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita, abiria kijana mmoja, na barabara kuu mchana hadi Chimala upande huu na Tukuyu upande ule. Saa 12 inabaki palepale. Mwezi wa saba anaongezewa hadi saa 3 usiku ndani ya jiji, na milima mikubwa akiwa na mimi pembeni. Kitonga tuliivuka mwezi wa kumi. Mwaka ukitimia bila ajali na bila kuvunja karatasi, anachukua ufunguo kama mtu mzima mwingine yeyote wa nyumba.

Kuna matatu yasiyo na ngazi. Pombe ni sifuri, hata chupa moja, hata ulanzi wa kusindikizia mgeni. New Zealand wameweka sifuri kwa kila dereva chini ya miaka 20, sisi tukaiweka kwa kila anayeendesha gari hili, nami nimo. Simu inakaa kwenye droo ya mbele, mlio umezimwa. Mkanda wanafunga wote, hata wa nyuma. Abiria wa nyuma asiyefunga humponda aliye mbele yake.

Adhabu isiwe ya hasira. Akivunja ngazi, anarudi ngazi ya chini kwa mwezi. Mpwa wangu alirudishwa mara moja, kwa dakika 20 za kuchelewa, na alinuna vizuri tu. Lakini kipo kifungu cha kumlinda yeye pia: akipiga simu muda wowote, mahali popote, kusema hawezi kuendesha, amechoka, kanywa, ukungu, mwenzake kalewa, ninamfuata au ninamtumia nauli, na siku ile haulizwi kitu. Bila kifungu hicho karatasi nzima inamfundisha kukimbizana na saa 12. Hakuna kinachoua kama kijana anayewahi nyumbani asigombezwe.

Ukiwa na kijana wa pikipiki badala ya gari, ngazi ni zilezile, isipokuwa abiria anabebwa baada ya miezi sita, sio wiki ya kwanza kama bodaboda wetu wanavyofanya, na helmeti zinakuwa mbili, mikanda yake imefungwa.

Ilikuwa mwezi wa sita wa karatasi yetu, Julai, baridi ya kukata masikio. Alikwenda Tukuyu kupeleka mzigo wa shangazi yake, amempakia rafiki mmoja anayeruhusiwa. Saa 11 jioni simu ikaita.

"Mjomba shikamoo. Nipo Isongole. Ukungu umeshuka, sioni hata boneti."

"Marahaba. Umepaki wapi?"

"Nimeingia ndani kabisa, uani kwa mama mmoja anayeuza viazi. Ametupikia ugali. Saa 12 sitafika."

Nikamuuliza taa kazima, betri isije ikalala. Kazima. Nikamwambia amsalimie yule mama, na kesho asitoke mpaka aone ng'ambo ya barabara.

Alifika saa nne asubuhi, ana ndoo mbili za viazi kwenye buti. Akachukua kaunta buku mwenyewe, ambayo tulikuwa tumeacha kuiandika tangu apate leseni, akajaza mstari mzima. Kwenye safu ya "nini kilikwenda vibaya" aliandika: viazi bei juu.